Kurasa Kumi na Sita za Kamati

Vijana wangu, naona mmeanza tena kunijia. Jumamosi iliyopita walikuja wawili, mmoja wa Kumsenga na mwenzake wa hapa Kibondo mjini. Wakaniamkia vizuri, wakakaa, wakatoa simu. Hapo hapo nikajua. Mtu akinitembelea na kutoa simu kabla hajaniuliza hali ya mgongo wangu, huyo ana riwaya. Wakanionyesha jalada. Lilikuwa na mwanamke anayelia, bastola, ua la waridi, na jina la mwandishi kubwa kuliko jina la kitabu. Nikauliza kitabu chenyewe kiko wapi. Wakasema bado kiko kichwani, mzee, kwanza tunachangamsha soko.

Sikuwafukuza. Niliwapa chai na muhogo, wakala, wakapiga picha na mimi, wakaenda zao kuchangamsha soko. Baadaye nikaona heri niandike haya mara moja. Atakayekuja tena nitampa karatasi hizi asome barazani, nami niendelee kupukuchua maharage yangu.

Mimi ni Zakayo. Kasulu nzima wananiita Mzee Stensili, kwa sababu nilifanya kazi ya uchapaji tangu nikiwa na nywele zote hadi zikabaki za pembeni. Nimechapa kadi za harusi, za ndoa zilizodumu na za ndoa ambazo kadi ilidumu kuliko zenyewe. Nimechapa mitihani ya majaribio, vitabu vya risiti, ratiba za kwaya, matangazo ya mnada wa ng'ombe, na hotuba za watu ambao hawakujua kilichomo mpaka waliposimama kuzisoma. Nimechapa na riwaya. Hizo ndizo nilizozicheka kuliko vyote, mpaka nilipoandika ya kwangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shabani, Mungu amrehemu, aliyekuja Kasulu kutoka Ujiji na duka la madaftari. Nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye mashine ya kukanyaga kwa mguu na masanduku ya herufi za madini ya risasi. Herufi hizo tulizipanga moja moja, kinyumenyume, mpaka ukirudi nyumbani unaona hata vibao vya barabarani vimekaa vibaya. Zikaja stensili, zile karatasi za nta za kudurufia, mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Ikaja kompyuta, na kila mtu akajiona anajua kupanga ukurasa kwa kuwa tu anajua kukuza maandishi. Ninyi mmezaliwa wakati huo, siwalaumu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kijitabu cha nyimbo cha kwaya moja ya Muyama. Nilipaka gundi upande wa kufungulia badala ya upande wa mgongo. Ukikifungua, unaanza na wimbo wa mwisho. Mzee Shabani hakunigombeza. Jumapili akaniendesha kwenye baiskeli yake hadi Muyama, yeye Mwislamu na kanzu yake nyeupe, akanishusha mlangoni pa kanisa. Akaniamuru niingie nisimame na kwaya, niimbe kwa kutumia kijitabu changu mwenyewe. Wenzangu walizijua nyimbo kwa kichwa. Wao walikuwa wanaimba wimbo wa kuingia, mimi niko kwenye mazishi. Nilimsikia mzee akicheka huko nje mpaka anakohoa.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponipa somo ambalo nami nawapa bure. Kabla hujafunga kitabu chochote, fungua ukurasa wa mwisho kwanza. Mwanzo kila mtu ataukagua, kwa sababu mwanzo una jina lake. Mwisho hauna mwenyewe.

Nililishika somo hilo kazi yangu yote, na nilipata nafasi nyingi za kulitumia, maana waandishi wa huku kwetu si watu wa kuachwa peke yao. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu ambaye shukrani zake zilikuwa ndefu kuliko hadithi. Alimshukuru hata fundi aliyemtengenezea kiti alichokalia akiandika. Kulikuwa na mwingine wa Kitahana aliyetaka picha yake nyuma ya jalada akiwa na koti na tai. Koti hakuwa nalo, nikamwazima langu la kahawia. Akaja wa pili naye hana, nikamwazima. Ukitafuta vizuri kwenye nyumba za watu utalikuta koti langu kwenye majalada kadhaa, kila mara lina kichwa kipya.

Wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Kitabu kikishatoka, mwandishi anazunguka nacho kwapani, watu wanampongeza, wanapiga naye picha, wanamwomba nakala ya bure yenye sahihi, kisha nakala inaingia kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Hakuna anayeisoma. Nimeingia kwenye nyumba nyingi kupeleka kadi za harusi, na nimeviona vitabu nilivyovichapa kwa mikono yangu vikiwa vimesimama kabatini, kurasa bado zimeshikana kwenye kingo. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nasema moyoni kwamba siku nikiandika mimi, nitataka jambo moja tu, mtu mmoja akisome mpaka mwisho. Sikutaka kingine. Nikiwapa sababu nyingine ya kuandika kwangu nitakuwa nawadanganya.

Nilipostaafu nikarudi huku Kibondo, nikaandika. Riwaya yangu inamhusu Anastazia, mwanamke ambaye mumewe alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda wengi wa huku, akasema anarudi baada ya mavuno mawili. Mavuno yakapita, watoto wakakua, nyumba ikaezekwa upya. Kitabu kizima ni yeye na miaka hiyo. Mwishoni mlango unabishwa, anafungua, na mume yuko pale na mkoba wake na mvi. Anastazia anamtazama vizuri. Anamwuliza anatafuta nyumba ya nani. Kisha anafunga mlango. Ndivyo nilivyoandika, na nilipoandika sentensi ile ya mwisho nilisimama nikatembea uani kwa furaha mpaka mke wangu, Mama Leokadia, akaniuliza kama nimeng'atwa na siafu.

Kosa langu lilianza nilipomwambia jirani.

Ninyi mnajua mambo ya kwetu. Mtu haozi binti peke yake, wala hawezi kukataa kusaidiwa. Jirani yangu Balthazari ni mwenyekiti wa kamati za harusi hapa tangu enzi za kadi za stensili, na mwezi usipokuwa na harusi huwa anakonda. Alikuja jioni, akaniamkia kwa Kiha, mwidiwe, akakaa, akaniambia haiwezekani nikitoe kitabu kimyakimya kama mtu aliyezaa bila kuoa. Kesho yake kulikuwa na kamati. Kesho kutwa kulikuwa na kundi la wasapu. Mwisho wa wiki kulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kitengo cha chakula, kitengo cha ukumbi na kitengo cha fulana. Watu wakaleta maharage, ndizi, dumu la asali, na Balthazari mwenyewe akatoa mbuzi. Mimi nikawa kama bibi harusi, natajwa kila kikao na sipewi nafasi ya kusema.

Kichwa kilinivimba, siwafichi. Miaka yote nimechapa sherehe za wengine, na sasa sherehe ilikuwa yangu.

Shida ni kwamba kwetu mchangiaji ana neno. Ukitoa mbuzi kwenye harusi, una haki ya kuuliza bwana harusi ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo kikao kimoja wakaniomba niwasimulie kitabu. Nikasimulia. Kuhusu utoto wa Anastazia, njaa, ile nyumba iliyoezekwa upya, hakuna aliyeuliza swali. Nilipofika mlangoni, kikao kikachafuka.

Katekista Simeo alisema ndoa haivunjwi kwa kufunga mlango, na kitabu hicho kikisomwa na mabinti wa kipaimara yeye hatajua awaambie nini. Katibu akasema watu wamechanga wakitegemea furaha. Balthazari aliumia kuliko wote. Yeye alikwenda Tanga ujanani akakaa huko miaka mingi, akarudi, akapokelewa, na hadithi ya kurudi kwake huwa anaisimulia kwenye kila harusi. Aliniuliza kama mbuzi wake achinjwe kwa ajili ya mtu aliyefungiwa nje. Mkewe alikuwa pembeni anachambua maharage. Nilimwangalia nione anasemaje, lakini aliendelea kuchambua.

Vikao vikafuatana. Nilijitetea kikao cha kwanza kwa sauti, cha pili kwa upole, cha tatu nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Nikarudi kwenye kompyuta na kuandika mwisho mpya juu ya ule wa zamani. Anastazia anapiga magoti. Analeta maji, anamnawisha mume miguu. Mbuzi anachinjwa. Kwaya inaimba. Nilimpa katekista hata sala, akaongeza mwenyewe sentensi mbili. Nikawasomea, wakapiga makofi, na Balthazari akafuta macho kwa fulana ya kamati.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi.

Idrisa, mtoto wa Mzee Shabani, ndiye mwenye duka siku hizi. Ana mashine ambayo unaipa faili upande huu, inakutolea kitabu kizima upande ule, tayari kwa gundi. Akaniambia, "Ami, niachie, kesho uje uchukue." Nilikataa. Nilimwambia kitabu cha kweli hukunjwa. Unachapa karatasi kubwa, unaikunja, inakupa kurasa kumi na sita. Huo ndio mkunjo mmoja. Mikunjo unaiweka kwa marundo kuzunguka meza ndefu. Mtu anatembea akiokota mmoja mmoja kutoka kila rundo, akimaliza kuzunguka ana kitabu mkononi. Ndivyo nilivyofunzwa, na sikutaka riwaya yangu itoke kama risiti ya benki. Idrisa ana adabu, akaniandalia meza.

Mikunjo mingine yote ilikuwa imeshapangwa kabla kamati haijanibadilisha mawazo. Huo mwisho mpya nikauvuta ukaenea mkunjo mmoja kamili, ukachapwa peke yake, wa mwisho. Meza ilikuwa imejaa. Nikaliweka rundo lake kwenye benchi karibu na mlango, wino ukauke.

Asubuhi akina mama wa kitengo cha chakula wakaja Kasulu kunisaidia, kama wanavyokwenda kusaidia kupika kwenye harusi. Walikuja na vitenge vyao, na fulana za uzinduzi, na nyimbo. Fulana wakaziweka kwenye benchi karibu na mlango, juu ya rundo, wakazifunika na kitenge zisishike vumbi. Kisha wakaanza kuzunguka meza wakiokota na kuimba, wakaokota kila kilichokuwa mezani, vizuri sana, bila kuruka hata kimoja. Idrisa akapaka gundi, akakata kingo. Nyuma yake walisimama wengine na nailoni na utepe mwekundu, kila kitabu kikitoka kikafungwa kama zawadi. Balthazari alisema mgeni hapewi kitu kikiwa uchi.

Mnataka kuniuliza nilikuwa wapi mimi, mtu wa kufungua ukurasa wa mwisho kwanza. Nilikuwa kwa fundi cherehani. Nilikataa kuvaa lile koti la kahawia kwenye jalada langu, nikapigwa picha na jipya, na siku hiyo nilikwenda lirekebishwe mikono kabla ya uzinduzi.

Uzinduzi ulifana. Maturubai, kwaya mbili, pilau. Mgeni rasmi alikuwa diwani wa kata moja nisiyoitaja, maana bado tunaamkiana. Alizungumzia barabara, kisha maji, kisha akakiinua kitabu juu kikiwa ndani ya nailoni yake, akakisifu kwamba ni kizito. Nakala ya kwanza ikapigwa mnada, akainunua yeye kwa vigelegele. Katekista akaomba baraka juu ya Anastazia na mume wake. Nililia kidogo, na sioni haya kusema.

Wiki iliyofuata Mama Leokadia alikuwa anapanga fulana zilizobaki kwenye furushi lililobebwa zimazima kutoka benchi la Kasulu, ili azigawe. Nikamsikia ananiita kutoka chumbani. Aliniuliza zile karatasi zilizo chini ya fulana ni za nini, na kama azitumie kuwashia moto. Ulikuwa ule mkunjo wa mwisho, rundo zima. Nikachana nailoni ya nakala yangu, nikafungua mwisho. Kitabu changu kilikuwa kinaishia hivi: *Anastazia alisimama, akashika komeo, akafungua mlango, na* Baada ya "na" kuna jalada, na mimi nimevaa koti jipya.

Miaka yote ile ya kazi. Nilitaka kutambaa chini ya kitanda.

Mama Leokadia akaniambia nitangaze kwenye kundi la wasapu, watu warudishe vitabu, niviweke sawa. Lilikuwa shauri la akili, na nilikuwa nimeshaishika simu. Ndipo nikapata wazo, na bado sijui kama lilikuwa la kipumbavu au la. Nilimwambia, "Subiri. Atakayesoma mpaka pale lazima atakuja kuniuliza mlangoni alikuwa nani. Huyo wa kwanza kuja ndiye msomaji wangu."

Alinitazama kwa huruma. "Utasubiri sana, Baba Leokadia."

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe amekisoma. Akasema alinisikia nikikisema kwa sauti nikikiandika, mchana na jioni, mpaka Anastazia akawa kama mke mwenza, nimwache apumzike.

Basi nikasubiri, na nikaanza kupokea pongezi. Kama mnataka kujua watu wenu vizuri, chapeni kitabu kisicho na mwisho kisha mtulie. Katibu wa kamati aliandika kwenye kundi kwamba amemaliza kukisoma usiku huo na mwisho umemgusa sana, na chini yake wakafuata wengine na viganja vya sala. Mwalimu mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia ameupenda mwisho kwa sababu haukutabirika. Hilo nililikubali. Katekista alihubiri juu ya msamaha, akawaambia waumini wakasome ukurasa wa mwisho wa kitabu cha Mzee Zakayo, waone mwanamke Mkristo anavyopiga magoti. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilisubiri angalau mmoja akafungue, arudi, aniambie katekista amechanganyikiwa. Waumini walisema amina.

Balthazari ndiye aliyenimaliza. Alinijia nyumbani, akaniambia ameusoma mwisho mara mbili. Akaniambia pale mume anaponawishwa miguu alimkumbuka mkewe, akashindwa kuendelea. Huyu ndiye aliyepigana nami vikao vitatu, vijana. Alinibadilishia kitabu, akatoa mbuzi kwa ajili ya kurasa zile, kisha hakufungua nailoni kuona kama zimo. Nilikwenda kwao baadaye kuomba jembe, nikakiona kitabu kabatini, utepe mwekundu umekaa vilevile walivyoufunga Kasulu.

Mwanzoni nilicheka. Nilikuwa narudi nyumbani namsimulia Mama Leokadia tunacheka wote. Baadaye nikawa nasimulia peke yangu, na kicheko kikaanza kuniuma. Mvua zikaja zikaisha. Maharage yakapandwa, yakavunwa. Niliacha kuangalia simu. Nilijiambia nimekuwa kama wale wote niliowacheka, na koti langu jipya nalo ni koti la kahawia.

Kisha siku moja simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, Kiswahili kilichonyooka cha watu wa pwani, haikunisalimu.

"Wewe ndiye uliyeniachia mwanamke mlangoni?"

Nilikaa chini palepale kwenye maharage.

Alikuwa Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge Kasulu. Kasulu nzima inamjua, na inajua kwamba mume wake alikwenda Lubumbashi kununua mzigo. Mzigo ulifika, mume hakufika. Watu wa kwanza walisema amefariki, wa pili wakasema ameoa, na yeye aliendelea kuuza vitenge. Alinieleza kwamba diwani mmoja aliingia dukani kumnunulia mkewe zawadi, akaweka mezani kitabu kilichofungwa nailoni, akaondoka bila kitabu na hakurudi kukiulizia. Bi Zuhura akangoja, akachoka kungoja, akafungua. Namba yangu ilikuwa ukurasa wa pili. Aliniambia niende, na nisiende mikono mitupu.

Kesho yake nilichukua mkunjo mmoja kwenye lile rundo, nikauweka ndani ya bahasha, nikapanda basi la kwanza kwenda Kasulu. Njia nzima nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilikuwa na msomaji.

Duka lake ni jembamba, vitenge mpaka darini. Alinikaribisha kiti, akaniagizia kahawa, na mara akaanza kuniuliza. Kwa nini yule shemeji wa Anastazia alirudisha shamba? Kwa nini sura ya njaa ni fupi, au nilikuwa na haraka? Alinisahihisha bei ya chumvi ya miaka ile. Alinionyesha mahali ambapo mtoto mmoja ana umri mdogo kuliko alivyokuwa sura iliyotangulia. Hakuna aliyewahi kunipa zawadi kama ile, na nilimwambia hivyo.

Akanywa kahawa yake. Akasema alipofika pale kwenye "na", alifunga duka mchana kweupe. Wateja waligonga wakaondoka. Alikaa ndani akisubiri mlango wa Anastazia ufunguke, na kwa kuwa mimi sikuufungua, akaufungua yeye.

"Alikuwa yule wa kwangu," akasema. "Amesimama na begi lake. Nikamtazama. Nikamfungia, mzee wangu, nikaenda kupika chai nikanywa. Miaka yote hii nilikuwa sijui kama ningeweza."

Alifuta macho kwa pembe ya mtandio, akanyoosha mkono. Lete basi hicho ulichokuja nacho, akasema, nione na wewe ulifanyaje.

Nikampa bahasha. Vijana, nilikuwa nimesahau kilichomo. Katika furaha yangu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kurasa zile ni za kamati. Nilikumbuka alipokuwa ameshazifungua. Alisoma bila haraka, ukurasa kwa ukurasa, magoti, maji, mbuzi, kwaya, sala ya katekista. Alipomaliza aliukunja mkunjo kama ulivyokuwa, akaurudisha kwenye bahasha, akanisogezea kwa vidole viwili.

"Huyu anapiga magoti kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote: Balthazari, vikao, mbuzi, fulana juu ya rundo. Nikamweleza na pongezi, jinsi walivyonisifia mwisho ambao hawakuuona, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza kama kamati ilikisoma kitabu. Nikasema hapana.

"Basi kamati ikampigie magoti yenyewe."

Ndipo nikamwambia lile nililokuwa nimelibeba moyoni. Nikamwambia, Bi Zuhura, wallahi, mimi mwanzo niliandika kama wewe. Anastazia anamwuliza anatafuta nyumba ya nani, kisha anafunga mlango. Ndivyo ulivyokuwa mwisho wangu mimi mwenyewe, kabla yao.

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama vile anavyomtazama mteja anayedai kitenge hiki hiki kakiona kwa bei nafuu duka la jirani.

"Uliuandika wapi? Nionyeshe."

Nikasema niliandika mpya juu ya ule wa zamani, haupo tena.

"Nani aliusikia?"

Nikasema kamati. Niliwasimulia kikaoni, waliusikia wote, awaulize.

"Hao hao waliolia kwa kurasa ambazo hazimo?"

Mteja akaingia, akataka kitenge cha maua. Bi Zuhura akainuka, akamshushia, akampimia, akamsifia rangi. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka kahawa ikapoa, natafuta shahidi mwingine asiye mke wangu, na sikumpata. Nilipoaga alinijibu vizuri, akaniombea safari njema. Kitabu alibaki nacho. Kurasa kumi na sita nilirudi nazo Kibondo.